Mkono wa Idi: Fedha au Zawadi?

Kila sikukuu inapokaribia, iwe Idi au Krismasi, wazazi wenye watoto wa umri wa sekondari hupata shida moja. Mtoto mdogo si kazi kumfurahisha: mnunulie nguo mpya na puto, naye atalala usingizi wa furaha. Mtu mzima naye mahitaji yake yajulikana. Lakini kijana wa miaka 14 au 16 ni mgumu. Shati alilochaguliwa na mama halitaki, viatu vya mwaka jana havimwingii, na ukimwuliza ataka nini, hujibu, "Chochote." Mwishowe baba, au mjomba, au shangazi, hutia mkono mfukoni akampa fedha.

Hapo ndipo maneno huanza. Wengine husema kwamba hivyo ndivyo ifaavyo, kwa kuwa kijana ajua mwenyewe anachokihitaji. Wengine husema kwamba huko ni kukwepa kazi ya kufikiri, na ya kuwa fedha ni malipo, si zawadi. Katika somo hili tutazipima hoja za pande zote mbili, kisha tutaona ni lipi la kufuata katika nyumba zetu.

1. DESTURI YETU YASEMAJE?

Wako wasemao kwamba kumpa mtoto fedha siku ya sikukuu ni desturi ngeni. Hawa wamekosea. Katika pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Pemba, watoto wamezoea kuzunguka siku ya Idi, wamevaa nguo mpya, wakiingia nyumba kwa nyumba za jamaa na majirani kutoa salamu. Kila wanapoingia hupewa kitu kidogo, sarafu au noti, kisha huenda kukitumia katika viwanja vya sikukuu. Kwa miaka mingi viwanja vya Mnazi Mmoja mjini Unguja vimejulikana kwa shughuli hiyo: mabembea, vitu vya kuchezea, na vyakula vya kila namna, na watoto wakinunua kwa fedha zao wenyewe.

Sasa liangalieni jina la desturi hii. Haiitwi "fedha ya Idi". Yaitwa "mkono wa Idi". Jina hili si la bure. Mtoto hawezi kuipata akiwa amelala nyumbani. Sharti aende, abishe hodi, atoe shikamoo, aupokee mkono wa mzee, aulizwe habari za mama yake, na aambiwe amekua. Hapo ndipo hupewa. Kweli wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo mkono hauji mtupu. Lakini kinachotangulia ni mkono, na fedha hufuata. Basi katika tendo hili moja vimetolewa vitu viwili. Cha kwanza chaweza kuhesabiwa, na cha pili hakihesabiki.

Tazameni pia taarabu. Mtu akipendezwa na mwimbaji huinuka mahali pake, akaenda mbele polepole, akamtuza fedha mbele ya watu. Hakuna adhaniye kwamba amelipa deni. Kila mtu ajua kwamba amesema neno, na noti ile ndiyo kauli yake.

Hata mataifa mengine yana mawazo kama haya. Wachina, kwa Mwaka Mpya wa kalenda yao, huwapa watoto fedha ndani ya bahasha nyekundu. Wajapani nao huwapa watoto na vijana fedha za Mwaka Mpya ziitwazo otoshidama, zikiwa ndani ya bahasha ndogo zenye mapambo, na aghalabu kiasi huongezeka kadiri mtoto anavyokua. Hawa wote hutoa fedha, lakini hawaitoi tupu. Huivika nguo kwanza.

2. HOJA YA ZAMANI

Swali la kitu au fedha si jipya. Wanazuoni wa Kiislamu wamelijadili kwa karne nyingi katika habari ya zaka ya Fitri, ambayo hutolewa mwishoni mwa Ramadhani kabla ya sala ya Idi ili maskini naye apate kula siku hiyo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ina wafuasi wengi katika pwani yetu, hutolewa chakula cha kawaida cha mahali, kama vile mchele, kadiri ya pishi moja kwa kila mtu. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi waliruhusu kutoa thamani yake kwa fedha.

Somo hili si la fikihi, na kila mtu na afuate mafundisho ya walimu wake. Lakini tupime fikira zilizomo ndani ya hoja hizo. Upande mmoja hushika agizo kama lilivyokuja, na mtoaji huwa na hakika kwamba chakula kimefika katika nyumba ya maskini. Upande wa pili husema kwamba muradi ni kumwondolea maskini shida, na yeye ndiye aijuaye shida yake: labda mchele anao, lakini mtoto wake hana nguo.

Basi mwenye kutoa kitu hulinda matumizi, na mwenye kutoa fedha humwamini mpokeaji. Likumbukeni neno hili la kuamini, maana tutalirudia.

3. HESABU YA ZAWADI

Mwaka 1993 mwanauchumi wa Marekani, Joel Waldfogel, aliandika makala mashuhuri katika jarida la American Economic Review juu ya zawadi za Krismasi. Aliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale maswali mawili: zawadi ulizopewa ziliwagharimu watoaji kiasi gani, na wewe ungekubali kulipa kiasi gani kuzipata, ukiacha thamani ya kumbukumbu na mapenzi? Akakuta kwamba kiasi cha pili kilikuwa pungufu. Alikadiria kwamba baina ya asilimia 10 na thuluthi moja ya thamani ilipotea.

Tufanye mfano wa kwetu. Shangazi anunua shati kwa Sh. 20,000 ampe kijana wa Kidato cha Tatu. Kijana alitazama, akashukuru kwa adabu, lakini moyoni ajua kwamba kama angelikuta dukani asingelitoa zaidi ya Sh. 12,000. Mwenye duka amepata bei yake. Shangazi ametoa Sh. 20,000. Kijana amepokea kitu chenye thamani ya Sh. 12,000 kwake. Tofauti ni Sh. 8,000, yaani asilimia 40 ya fedha za shangazi. Hizo hazikumfaa shangazi wala kijana. Kama angelipewa Sh. 20,000 mkononi, angelipata kitu kinachomfaa kwa thamani yote.

Waldfogel aliona tena kwamba upotevu ulikuwa mkubwa zaidi kwa zawadi zilizotoka kwa jamaa wa mbali na wa umri mkubwa kuliko zile zilizotoka kwa marafiki. Si ajabu. Rafiki yako ajua upendacho kwa sababu mko pamoja kila siku. Lakini mjomba aliyekuona mara ya mwisho ulipokuwa Darasa la Nne atakununulia kitu cha mtoto wa Darasa la Nne. Kwa hiyo yafaa kusema: kadiri mtoaji asivyomjua mpokeaji, ndivyo fedha inavyozidi kuwa bora kuliko kitu.

4. YALE AMBAYO HESABU HAIYAONI

Lakini msifunge daftari mapema. Mwaka 1996, katika jarida lilelile, Sara Solnick na David Hemenway walitoa matokeo ya kinyume: watu waliowauliza wao walizithamini zawadi zao kuliko bei zilizonunuliwa. Ukiitoa thamani ya mapenzi katika hesabu, zawadi yaonekana hasara. Ukiihesabu, hasara yaweza kugeuka faida. Hivyo jibu lategemea kile ulichokubali kukiweka katika mizani.

Na yako mambo mawili ambayo fedha haiyawezi.

La kwanza, fedha haina kumbukumbu. Mtu aliyepewa kamusi alipokuwa Kidato cha Kwanza, na jina la babu yake limeandikwa ukurasa wa mbele, aweza kuifungua baada ya miaka 30 akamkumbuka babu. Noti ya babu ikishaingia mfukoni huchanganyika na noti nyingine, nayo hutoka kwenda dukani bila kuaga.

La pili ni zito zaidi. Fedha ina namba, na kila chenye namba hulinganishwa. Mjomba mwenye biashara atoa Sh. 10,000. Shangazi auzaye maandazi atoa Sh. 1,000. Kijana asiyekuwa mwangalifu huanza kuwapanga jamaa zake kama matokeo ya mtihani: huyu wa kwanza, huyu wa mwisho. Hatimaye shangazi huona haya, na mwaka unaofuata hutoroka kwenda sokoni mapema ili watoto wasimkute nyumbani. Lakini shangazi huyohuyo kama angelileta sahani ya visheti alivyovikaanga usiku kucha, nani angelithubutu kusema kwamba visheti ni pungufu ya Sh. 10,000? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Fedha, isipoangaliwa, huwafunga midomo maskini katika siku ambayo kila mtu apaswa kusema neno jema.

5. KIJANA SI MTOTO MDOGO

Ikiwa kila upande una haki yake, tuamueje habari ya vijana? Yatupasa kuutazama umri wenyewe. Kijana wa sekondari yu njiani. Baada ya miaka michache atatoka shuleni, apange chumba mjini, apokee mshahara wa kwanza au afungue biashara ndogo, na hapatakuwa na mama wa kumwambia hiki nunua, hiki acha. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kusimama ufukoni. Kijana akipewa Sh. 15,000 za sikukuu akazimaliza kwa siku moja, siku ya pili ataona uchungu wake, na hasara yake ni Sh. 15,000 tu. Akilikosa somo hili sasa, atakuja kulisoma kwa mshahara mzima, na pengine wakati huo ana mke na watoto.

Kwa hiyo maoni ya somo hili ni kwamba kwa kijana fedha ni zawadi nzuri, na pengine bora kuliko kitu, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo shati halina: mna imani ya mzazi. Yasema, "Nakuamini uchague." Lakini imani hiyo ina masharti manne, na yote manne ni juu ya watoaji.

Sharti la kwanza: wajibu usiitwe zawadi. Sare ya shule, madaftari, sabuni na nauli ni haki ya mtoto mwaka mzima. Mzazi akimpa kijana fedha siku ya Idi, kisha shule zikifunguliwa akamwambia, "Si nilikupa fedha? Nunua madaftari," hakutoa zawadi, amelipa wajibu wake mapema akajisifu kwa ukarimu. Kama hali ya nyumba ni ngumu, yafaa kumwambia kijana kweli kabla ya sikukuu. Vijana huelewa umaskini kuliko wanavyoelewa hila.

Sharti la pili: kilichotolewa kimetolewa. Liko neno ambalo watoto wengi walijua: "Nipe nikuwekee." Mtoto hutoa fedha zake zote, na siku akizidai huambiwa habari ya chakula alichokula. Kwa mtoto wa miaka 5 labda ni mzaha. Kwa kijana wa miaka 15 ni somo baya: hufundishwa kwamba ahadi ya mkubwa haina nguvu, na ya kuwa akiba hupotea, hivyo ni heri kuzitumia zote leo. Mama akiwa na shida na azikope, hilo si kosa katika nyumba. Lakini aseme kwamba akopa, ataje siku, na arudishe. Kijana aliyerudishiwa deni na mama yake hatakuwa mtu wa kudhulumu deni la mtu. Jambo hili limezidi uzito siku hizi, kwa kuwa jamaa walio mbali, Muscat au Nairobi au Dar es Salaam, hutuma fedha kwa simu, na simu ni ya mzazi. Ujumbe ukiingia, na mwenye fedha aonyeshwe.

Sharti la tatu: wasichana wasisahauliwe. Mvulana wa miaka 15 aweza bado kuzunguka mitaa na rafiki zake akikusanya mikono ya Idi. Dada yake wa umri huo aghalabu huambiwa kwamba sasa amekua, akae nyumbani asaidie kupika pilau na kuwakaribisha wageni. Jioni mvulana arudi na Sh. 12,000, na yule aliyeamka alfajiri kuchambua mchele hana kitu ila vyombo vya kuosha. Hapana aliyekusudia dhuluma, lakini dhuluma imetendeka. Dawa yake ni nyepesi: wageni wanaoingia na wamwite msichana, wampe mkono wake kama walivyompa ndugu yake, na kwa kiasi kilekile. Naye ataishika fedha na kuipangia siku moja. Kama hakujifunza kwenu, atafundishwa na nani?

Sharti la nne: mkono usikosekane. Fedha isitupwe mezani, wala isitumwe bila neno. Mwenye kutoa ana kwa ana na amwite kijana kwa jina, ampe kwa mkono wa kulia, amwambie jambo moja jema aliloliona kwake mwaka huu: kwamba alimwuguza bibi yake, au kwamba hesabu zake zimepanda. Mwenye kutuma kwa simu na apige simu pia. Mwenye kuweza na aitie noti katika bahasha aandike maneno mawili. Bahasha ni karatasi tu, lakini ndiyo itakayobaki katika kurasa za kitabu baada ya noti kwenda zake. Na asiye na fedha asijifiche. Na alete visheti, au hadithi, au dua. Hapo ndipo lile kosa la namba hutibiwa.

6. NENO KWA WANAFUNZI

Ninyi nanyi mna wajibu. Msihesabu fedha mbele ya aliyewapa. Msitangaze bwenini kiasi mlichopata, maana jirani yako labda hakupata kitu, na sikukuu yake utakuwa umeiharibu kwa kinywa chako. Msipange jamaa kwa noti zao.

Kisha pangeni fedha kabla haijapangwa na wengine. Njia moja nyepesi ni kuigawa mafungu matatu. Tuseme una Sh. 15,000. Fungu la kwanza, Sh. 7,000, ni la furaha ya sikukuu. Litumieni bila kujilaumu, kwa kuwa sikukuu ni ya kufurahi. Fungu la pili, Sh. 5,000, ni akiba ya jambo mlilolitaja kwa jina: kitabu, mpira, au nauli ya kumwona bibi. Akiba isiyo na jina haikai. Fungu la tatu, Sh. 3,000, ni la kutoa ninyi wenyewe: zawadi ya mdogo wako, au sadaka. Maana aliyepokea mkono na asijue kutoa mkono hajamaliza somo.

Na jihadharini na wale wanaongoja fedha za vijana barabarani. Kubahatisha matokeo ya mpira kwa fedha kumewatoa wengi machozi. Tena sheria ya Tanzania haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Akuambiaye kwamba Sh. 5,000 zako zitakuwa Sh. 50,000 kesho, mwulize kwa nini yeye bado azihitaji hizo 5,000 zako.

Tumalize basi. Tumeuliza kama fedha ni zawadi. Jina la desturi yetu lilikuwa limekwisha kujibu kabla hatujauliza. Fedha peke yake ni fedha. Fedha iliyokuja na mkono, mkono usiodai kurudishiwa, usiobagua mvulana na msichana, na usioona haya kwa udogo wake, hiyo ni zawadi, na kijana apewaye amepewa pamoja nayo sehemu ya utu uzima wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI NA NYUMBANI

1. Eleza tofauti ya "fedha ya Idi" na "mkono wa Idi" kwa maneno yako mwenyewe.
2. Mjomba anunua viatu kwa Sh. 30,000. Mpokeaji asingelitoa zaidi ya Sh. 21,000 kuvipata. Ni asilimia ngapi ya thamani imepotea? Ni jambo gani hesabu hii haikulihesabu?
3. Taja zawadi moja ambayo usingekubali kubadilishiwa kwa fedha, na useme sababu.
4. Wazazi na wanafunzi wajadiliane: mama akizikopa fedha za sikukuu za mtoto wake, deni hilo lapaswa kulipwa vipi, na lini?
5. Panga Sh. 24,000 katika mafungu matatu, na ulipe kila fungu jina lake.